Kiti cha Nukta

Watu waliokuwa kwenye kiwanja kile kidogo cha ndege asubuhi ya ajali walikuwa wachache, lakini ukiwasikiliza waliosimulia baadaye utadhani palijaa kama uwanja wa mpira. Kila mtu aliona. Kila mtu alijua. Na karibu wote walikuwa na maelezo yale yale: rubani alivuta usukani mapema.

Tuanze na kilichotokea kweli, maana hakihitaji kutiwa chumvi. Ndege ndogo ya pangaboi moja ilikuwa imepakia masanduku ya chanjo na nesi wa kwenda kuzitoa. Masanduku yalifungwa kwa mikanda kwenye kiti cha mbele upande wa kulia, nesi akakaa nyuma ya rubani. Ndege ikashika mbio kwenye njia ya vumbi, magurudumu yakaacha ardhi, na hapo pua ikainuka. Haikuinuka taratibu kama siku zote. Ilitazama juu moja kwa moja, kama mtu anayetafuta bati linalovuja. Ndege ikaning'inia kwa muda wa kumeza mate, ikalalia bawa la kushoto, kisha ikajimwaga kwenye shamba la mahindi lililopakana na uwanja.

Hakufa mtu, na hilo peke yake lingetosha watu kupiga magoti na kushukuru. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, mahindi yalikuwa marefu na mazito, na moto haukuwaka. Nesi alitoka kwa miguu yake akichechemea na kulilia chanjo zake. Rubani alibebwa, kifundo cha mguu wa kulia kimevunjika.

Rubani mwenyewe alikuwa mwanamke, tena mfupi hasa, na watu wote walimwita Nukta. Jina hilo alipachikwa na kaka yake utotoni, siku alipopotea sokoni na kaka mtu akawa anawauliza wauzaji kama wameona kitu kidogo kama nukta kinapita. Wazazi walipofariki, kaka ndiye aliyemlea, akampeleka shule, akamtia moyo alipotamka kwa mara ya kwanza kwamba anataka kurusha ndege. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa ndege wa kampuni hiyo hiyo, na uwanjani aliitwa Fundi basi.

Sasa, kiti cha rubani kwenye ndege ya aina ile hutembea mbele na nyuma juu ya reli mbili, kama droo ya kabati. Reli ina matundu, na chini ya kiti kuna pini inayozama kwenye tundu ili kiti kisiondoke. Kwa ufupi wake, Nukta alihitaji kiti kisogee mbele kabisa, mpaka tundu la mwisho, la sivyo miguu haifiki kwenye pedeli. Mkono wa kukifungulia ulikuwa mgumu kama bawaba yenye kutu. Basi Fundi alijipa kazi. Kila asubuhi, akishakagua injini, aliingia ndani, akakivuta kiti mbele, akakipiga kofi moja, akaweka mto, akatoka. Nukta akija anakuta kila kitu tayari. Wapakia mizigo walimtania: "Fundi, na kamba za viatu unamfungia?"

Kutokana na mazoea hayo wakazua mchezo wao. Kabla ya kuruka, rubani husoma ukaguzi kwa sauti, anauliza na kujijibu. Nukta alikuwa akisoma: "Milango?" Imefungwa. "Mikanda?" Imefungwa. "Mafuta?" Yapo. Akifika kwenye "Kiti?" hajibu kwamba kimefungwa. Alijibu: "Kaka." Abiria walioujua mchezo ule walicheka, wasioujua waliuliza, wakaelezwa, nao wakacheka.

Asubuhi ya ajali pia alisema "Kaka," na nesi akacheka.

Hospitali walimtia plasta mpaka karibu na goti, wakamlaza kitanda cha dirishani. Alipopata nafasi ya kuwa peke yake alifumba macho akarudia yote. Ndege inaacha ardhi. Kitu kinachomoka chini yake, si kwa kishindo. Kiti kinaondoka naye kurudi nyuma, miguu inaachia pedeli, na mikono haina kingine cha kushika isipokuwa usukani. Basi usukani ukaja naye. Alikuwa ameelewa hata kabla ya kufika chini.

Na alielewa kitu cha pili, kibaya kuliko mguu. Akisema kiti kilirudi nyuma, wataanza kuuliza nani hukipanga, na uwanja mzima unajua jibu. Unga wa kaka yake utamwagika siku hiyo hiyo, na leseni itafuata. Asiposema, ni yeye aliyevuta mapema, na hatarusha tena hata tiara. Mmoja wao lazima aishe. Alilia kidogo, akajikaza, akaamua ni nani.

Kaka alikuja mchana na wifi, yaani mkewe, mwanamke ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe.

"Pole, Nukta," alisema kaka.

"Nimeshapoa."

Alilitazama lile plasta huku na huku kama anatafuta nyufa. Uso wake ulikuwa umezeeka kwa siku moja. "Ulivuta?" aliuliza.

"Nilivuta. Mapema."

Kaka akashusha pumzi ndefu. Nukta hakuweza kujua kama ni ya mtu aliyetua mzigo au aliyeongezewa. Hakuuliza tena, naye hakuongeza. Wifi ndiye aliyejaza chumba kwa maneno, akimsimulia jinsi jirani alivyopiga chuku kwamba ndege ilizunguka mara tatu hewani. "Nikamwambia, wewe ulikuwa umelala mpaka jua limekuchoma, umeona saa ngapi?"

Mchunguzi wa ajali alifika baadaye. Alikuwa mama wa makamo, miwani imekaa juu ya kichwa, sauti ya chini. Alivuta kiti karibu na kitanda, akauliza maswali mepesi: upepo ulitoka wapi, mzigo uligawanywa vipi. Kisha akauliza kwa nini alivuta.

"Mkono uliteleza tu," alisema Nukta.

"Mkono."

"Ndiyo, mama."

"Na miguu ilikuwa wapi?"

Swali hilo Nukta hakulitegemea. "Kwenye pedeli," alisema, akahisi masikio yanapata moto.

"Sawa," alisema mchunguzi akisimama. "Ukiweza kutembea na magongo nitakuita kwenye banda la ndege. Nesi naye nitamwita. Na fundi wenu."

Nukta alihamia kwa kaka yake kujiuguza, na nyumba ikawa ya ajabu. Kaka alikuwa amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe, akawa anatengeneza vitu visivyoharibika. Alifumua baiskeli nzima akaipaka grisi, akaiunga, akaifumua tena. Mlango wa jikoni uliokuwa unalia kidogo sasa ulifunguka kwa pumzi. Nukta naye alikaa sebuleni ameshika tama, akitazama ukuta. Walisalimiana kwa adabu kama wapangaji.

Maneno ya mtaani yalimfikia, maana hayakosi njia. Mwanamke na ndege wapi na wapi. Wanawake hushtuka haraka. Nilisema mimi. Hili la mwisho lilisemwa na watu ambao hawakuwahi kusema lolote. Nukta aliuma meno. Alikuwa amerusha ndege ile kwenye mvua, kwenye vumbi, na mara moja mama mjamzito akiwa amemshika bega njia nzima, na mkono wake haukuteleza hata siku moja. Leo uongo wake mwenyewe ndio uliowapa watu hawa cha kutafuna. Lakini akimwangalia kaka ameinamia mnyororo wa baiskeli, maneno yanarudi kooni.

Siku moja wifi alichoka. Alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Nyie watu wawili mna nini? Huyu baiskeli, wewe ukuta. Kama kuna maiti mmeificha humu ndani niambieni tukaizike, maana mimi harufu imenishinda."

Kaka akasema baiskeli ilikuwa na sauti. Nukta akasema mguu unamuuma. Wifi akawatazama kwa zamu, akarudi jikoni, akafunga ule mlango kwa nguvu. Haukulia, na hilo likamwongezea hasira.

Wito wa mchunguzi ulipokuja, walikwenda wote wawili kwenye gari moja bila kuongea. Mabaki ya ndege yalikuwa yamelazwa katikati ya banda, bawa moja limewekwa pembeni kama godoro linaloanikwa. Meneja wa kampuni alisimama mlangoni akijipepea. Nesi alikuwa ameshafika, ameketi juu ya sanduku, akamkumbatia Nukta kwa nguvu mpaka gongo likaanguka.

Mchunguzi hakupoteza muda. "Nesi, ulipotoka kwenye ndege ulikuwa unachechemea. Uliumia wapi?"

"Magoti, mama. Yote mawili. Mpaka leo nikipanda ngazi nayasikia." Akapandisha sketi kidogo. Chini ya kila goti palikuwa na alama ya buluu inayogeuka manjano, imenyooka kama imepigwa rula.

"Yaligongwa na nini?"

"Kiti cha mbele. Cha Nukta."

"Kabla ndege haijagonga chini, au baada?"

Nesi alifikiri. "Kabla. Nakumbuka nilipiga kelele 'magoti yangu!' Nikajionea aibu baadaye, ndege inaanguka mimi nalilia magoti."

Mpakia mizigo mmoja aliyekuja kusikiliza alicheka, akaacha haraka. Mchunguzi akashusha miwani machoni, akawageukia wengine. "Ndege ikigonga chini, kila kitu hukimbilia mbele. Hiki kilikwenda nyuma, na kilikwenda mapema. Nukta, nakuuliza tena. Miguu yako ilikuwa wapi?"

Nukta alifungua mdomo. "Nilivuta mapema," alisema, na hata yeye alijisikia anavyosema kama kasuku.

"Muongo huyo," alisema kaka.

Wote wakageuka. Fundi alikuwa amesimama karibu na mlango wa ndege uliopinda, mkono umelala juu yake. "Nimemlea mimi. Huyu akidanganya hukaza kidole gumba ndani ya ngumi. Mtazameni mkono." Nukta akafungua ngumi haraka, lakini alikuwa amechelewa. "Kiti kilirudi nyuma, mama. Mimi ndiye ninayekipanga. Tundu la mbele limelika, limekuwa refu, kwa sababu miaka yote pini inaingia hapo hapo. Ukikivuta kizembe, pini inasimama ukingoni, unadhani imezama. Ukikipiga kofi inazama mpaka chini. Nilikuwa nakipiga kofi kila siku. Siku ile mafuta yalikuja wakati niko ndani, nikaitwa. Sikumbuki kama nilikipiga. Nimejaribu kukumbuka kila siku tangu ile, na sikumbuki."

Nukta alikuwa tayari kumtetea. Maneno yalikuwa mdomoni. Ndipo neno moja likamrudia: limelika.

"Ulijua?" aliuliza. "Ulijua tundu limelika?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze." Akaelekeza kidevu kwa meneja. "Nilimwambia, akasema tusubiri, reli mpya zitakuja pamoja na vipuri vingine. Nikasubiri."

Meneja aliacha kujipepea.

"Kwa hiyo ule mto," alisema Nukta, sauti ikianza kupanda, "na kunipangia kiti, na kucheka na watu... Mimi nadhani napendwa, kumbe napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa!"

"Nilikuwa nakupangia kiti hata kabla halijalika, Nukta. Hilo Mungu anajua. Lilipolika ndiyo nikasema nisikuache ukipange mwenyewe. Sikutaka kukutia hofu. Rubani mwenye hofu hawezi..."

"Rubani mwenye hofu anatikisa kiti kabla ya kuruka, kaka! Ungenitia hofu!"

Alisimama, gongo moja chini, nesi amemshika kiuno. Alikuwa amekubali kuitwa mzembe kwa ajili ya mtu huyu. Alikuwa amekubali kutoruka tena. Na mtu huyu alimficha shimo lililokuwa chini yake mwenyewe. Hasira aliyoipata hapo ilikuwa ya kweli na alikuwa na haki nayo.

Mchunguzi aliwaacha wapumue. Kisha akasema, bila kupandisha sauti: "Watu wanaodanganya ili wajiokoe nimewazoea, ndiyo kazi yangu. Nyinyi mnadanganya ili muokoane. Haya, mmeokoana. Sasa niwaulize, ndege za aina hii ziko kwenye viwanja vingapi? Asubuhi hii kuna rubani amekaa kwenye kiti kama hiki, kwenye reli ya umri kama huu. Yeye hana kaka wa kumpigia kofi kiti chake."

Nukta alijifuta uso kwa kiganja. Ukweli ni kwamba katika siku zote zile za kupima nani aishe, yeye au kaka, hakuwahi kumfikiria mtu wa tatu.

Akaketi juu ya sanduku la nesi akasema yote. Alieleza kiti kilivyoondoka, miguu ilivyoachia, mikono ilivyoshika. Na kwa sababu alikuwa amekwisha kuanza, akasema na lile lililokuwa lake, ambalo lingeweza kabisa kubaki bila kusemwa. "Kwenye ukaguzi kuna swali la kiti. Natakiwa nikitikise mbele na nyuma kwa mwili wangu ndipo nijibu. Sijakitikisa miaka. Nilikuwa najibu 'Kaka'. Tulikuwa tunacheka."

"Na mimi nilicheka," alisema nesi kwa sauti ndogo.

Mchunguzi aliandika, na kwa mara ya kwanza akamtazama Nukta kwa upole. "Asante," alisema. "Hili ndilo nililolifuata."

Mambo hayakwenda kwa muziki. Meneja alihojiwa akajikanyaga, na ndege nyingine za kampuni zikalazwa mpaka reli zote zibadilishwe, jambo lililowezekana kwa wiki moja baada ya kushindikana msimu mzima. Leseni ya Fundi ilizuiwa. Aliambiwa asome upya na afanye kazi chini ya fundi mwingine mpaka atakapoaminiwa. Nukta naye alitakiwa apimwe upya mguu ukipona. Taarifa ya tahadhari ikatumwa kwenye viwanja vyote: inueni viti, kagueni reli, na marubani watikise kabla ya kuruka, hata kama kiti kimepangwa na malaika. Maneno hayo ya malaika hayakuwemo, niliyaongeza mimi, lakini maana ilikuwa hiyo. Na wale wa 'nilisema mimi' wakageuka bila hata kuona haya: "Si nilisema ni kiti?"

Nyumbani vita vilikuwa vya kimya. Nukta hakuongea na kaka yake moja kwa moja. Mezani alisema, "Wifi, mwambie kaka chumvi iko karibu na mkono wake," na kaka alijibu, "Mwambie Nukta nimeiona." Wifi alitafsiri siku mbili tatu, kisha akatangaza kwamba redio imeharibika, anayetaka chumvi ainuke.

Plasta lilikuwa limeshatolewa na Nukta anatembea kwa gongo moja siku simu ya mchunguzi ilipoingia. Alikuwa anaongea harakaharaka, tofauti na kawaida yake. Kwenye kiwanja kimoja cha mbali, fundi alisoma ile taarifa, akachungulia chini ya kiti cha rubani cha ndege iliyokuwa tayari imewashwa injini. Pini ilikuwa imesimama ukingoni mwa tundu, haijazama. Ndani ya ndege walikuwemo rubani na abiria, mume na mke na watoto wao. "Nimeona nikuambie mwenyewe," alisema mchunguzi. "Wao hawakujui. Lakini mimi nakujua."

Nukta alibaki ameshika simu iliyokwisha kukatika. Kisha akatoka uani, gongo likimtangulia. Kaka alikuwa amepiga magoti mbele ya bomba la maji.

"Kaka."

Alishtuka mpaka spana ikamponyoka. Lilikuwa neno la kwanza kwake tangu bandani. Akamweleza kwa maneno machache, na kaka akakaa chini pale pale kwenye tope, akaweka mikono usoni, akalia kwa sauti bila kujificha. Nukta alimwacha alie. Machozi yake mwenyewe yalikuwa yanatiririka, na moyo ulikuwa mwepesi kuliko siku zote za karibuni.

"Bado nina hasira na wewe," alisema mwishowe.

"Najua."

"Nakupenda, na sijui kama nitaweza kupanda ndege uliyoigusa. Nakuambia ukweli."

Kaka aliitikia kwa kichwa. Hakujitetea. Akaokota spana akaifuta kwenye suruali. "Nami sijui kama nitaweza kuigusa," alisema.

Lakini alirudi kazini kabla yake, akaanza chini ya fundi kijana aliyemzidi vyeti na kuzidiwa mvi, akakubali kukaguliwa kila kazi. Nukta alipimwa, akafaulu, akaruka mara kadhaa na mkufunzi kwenye ndege ya chuo. Mkono haukuteleza. Kilichobaki kilikuwa kurudi kwenye kiwanja chake, kwenye ndege ya kampuni, ambayo mikono ya kaka yake ilikuwa imeshinda ndani yake.

Siku ya kurudi meneja aliifanya shughuli. Alivaa tai, akaalika wageni wa wilaya, mpiga picha akaja na kamera mbili. Masanduku ya chanjo yalifungwa kwa mikanda. Nesi aliingia nyuma ya rubani kwa hiari yake, akikataa viti vingine vyote. Nukta alikwea, akavuta ule mkono wa kiti mwenyewe mpaka jasho likamtoka, akatikisa mbele, akatikisa nyuma. Nje, watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi.

Hapo akamwona kaka yake anatoka chini ya bawa, amejaa vumbi kwenye magoti. Hakuwa akitembea kama mtu wa kuaga. Alipita mbele ya wageni, mbele ya meneja, mbele ya kamera, akaja mpaka dirishani kwa Nukta. Fundi kijana alikuwa nyuma yake, lakini aliyeongea ni kaka.

"Leo hairuki," alisema.

Makofi yakafifia. "Nini?" aliuliza meneja.

Kaka hakumgeukia. Macho yalikuwa kwenye macho ya Nukta. "Bomba la breki la kulia lina ufa. Mdogo sana, unatoa tone moja ukikandamiza. Jana haukuwepo. Pengine lingeshika mpaka jioni, pengine lisingeshika. Bomba jipya litafika kesho. Nakuambia wewe kwanza. Kuna hatari, Nukta, na mimi naogopa."

Meneja akaanza kusema kuhusu wageni waliotoka mbali, na kama kweli tone moja tu, na je, haiwezekani kwa safari hii moja. Nukta hakumsikia. Alikuwa anamwangalia kaka yake aliyesimama juani mbele ya watu wote, habari mbaya mkononi. Maisha yake yote mtu huyu alimletea mazuri tu, na mabaya akayameza peke yake.

Akafungua mkanda. Akashuka, mguu uliopona ukitangulia, akamkumbatia kaka yake kiunoni, maana ndipo alipofika. Mpiga picha, akikosa ndege ya kupiga, akapiga hiyo.

"Kesho utakuwepo?" aliuliza Nukta, uso ukiwa bado kwenye ovaroli lenye mafuta.

"Nitakuwepo."

"Basi kesho naruka."

Nesi alitoa kichwa mlangoni akauliza kama kuna mtu anayekumbuka kwamba chanjo zinataka baridi, na watu wakaanza kuhamisha masanduku kwenye gari.